Komfrei ya Lushoto kwenye mchanga wa Kitunda

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina bustani ndogo uani kwangu Kitunda, matuta sita, udongo ni mchanga. Krismasi wifi yangu aliniletea kutoka Lushoto vipande vinne vya mizizi ya komfrei na kiroba cha majani yake, kwa kuwa nilikuwa nimeona video za Wazungu wakitengeneza mbolea ya maji. Majani niliyajaza kwenye ndoo, nikatia maji, nikaacha wiki tano. Harufu yake, jirani alidhani choo chetu kimefurika. Tangu mwisho wa Januari namwagilia maji hayo kwenye nyanya, mchicha na chainizi kila baada ya siku mbili, bila kuyapunguza makali. Sasa nyanya zinapukutisha maua, chache zilizoshika zinaoza chini zikiwa bado mbichi, kingo za majani zimeungua, na mchicha umekuwa wa njano. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvichumvi. Komfrei niliyoipanda majani yake hayazidi kiganja. Nakosea wapi? Na hapa Dar hakuna jani jingine la kufanya kazi hiyo? La mwisho: mama mkwe amesikia komfrei ni dawa ya magoti, anataka nimchemshie anywe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mama mkwe, nyanya zitasubiri. Usimchemshie. Komfrei ina kemikali zinazoumiza ini, na ubaya wake haziumizi siku hiyohiyo. Mtu anakunywa wiki baada ya wiki akijiona mzima, kumbe ini linaharibika kimyakimya. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka wauzaji wa virutubisho waondoe sokoni bidhaa za kumeza zenye komfrei kwa sababu hiyo. Sifa ya magoti inatoka kwa Wazungu wa zamani waliokuwa wakikanda majani yake mahali mfupa ulipovunjika. Kukanda ni kukanda, kunywa ni jambo jingine, na hata kukanda hakufai penye kidonda. Magoti ya mama yapelekwe hospitali yakaangaliwe. Mwambie mimi ndiye niliyekataa, wewe usije ukaonekana mkwe mbaya.

Sasa tuingie bustanini. Umeuliza unakosea wapi kana kwamba kosa ni moja. Yapo kama manne, na karibu yote yana mama mmoja: video ulizotazama zimetengenezwa Uingereza au nchi za jirani zake, ambako udongo wa bustani mara nyingi ni mzito, mvua hainyimani, na jua lao la kiangazi ni la kuota, si la kukimbia. Ndoo ileile ukiileta kwenye mchanga wa Kitunda mwezi wa pili inakuwa kitu kingine kabisa.

Chukua nyanya mojawapo iliyooza, igeuze. Kama kitakoni kuna duara jeusi au la kahawia, limebonyea, limekauka kama ngozi ya kiatu, na hakuna tundu wala funza, basi huo ni ugonjwa ambao wakulima wanauita kuoza kitako. Usikimbilie dukani kununua dawa ya kuvu. Wala si kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, maana yeye huacha matundu na kinyesi chake mlangoni. Ni tunda lililokosa kalsiamu wakati linajengwa. Na mara nyingi kalsiamu ipo ardhini, ila haikufika. Inasafiri na maji tu. Shina likikaukiwa mchana, majani yanavuta kila tone lililobaki, na tunda lililo mwisho wa foleni linakosa. Ukimwagilia jioni umeshachelewa kwa tunda lile.

Hapo ndipo ndoo yako ilipoingia. Maji ya komfrei yamejaa potasiamu. Potasiamu na kalsiamu zinagombea mlango mmoja wa mzizi kama abiria wa mwendokasi pale Kimara saa moja asubuhi, na potasiamu ndiyo yenye viwiko. Ukiimwaga bila kuipunguza, kila baada ya siku mbili, kalsiamu inabaki kituoni. Ongeza chumvi ya kisima, ambayo nayo inaufanya mzizi uvute maji kwa shida, na kingo za majani kuungua si ajabu tena. Umemnywesha mgonjwa maji ya bahari ukidhani ni supu.

Kwa hiyo wiki mbili hizi hiyo ndoo usiiguse. Siku ya kwanza tafuta maji yasiyo na chumvi, si ya kisima, hata kama ni ya kununua kwa dumu, upe kila shina la nyanya lita tano taratibu, ili chumvi iliyorundikana ishuke chini ya mizizi. Kisha funika tuta zima kwa matandazo ya majani makavu au nyasi, unene wa vidole vinne. Pumba za mpunga pia zinafaa, ila ziweke juu tu, usizichanganye na udongo. Mwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo, badala ya ndoo nzima mara moja. Nyanya zilizooza zichume, hazitapona. Na maganda ya mayai watakayokushauri usage uweke shinani, weka ukipenda, lakini yanachukua muda mrefu kuyeyuka. Nyanya za mwezi huu hazitayaona.

Maua kupukutika ni habari tofauti, na hakuna ndoo inayoitibu. Nyanya ni mmea wa joto la wastani. Joto la mchana likipita nyuzi 32, na usiku likagoma kushuka chini ya 24, chavua inakufa, ua linakosa mimba na kuanguka. Hayo ndiyo maisha ya Dar kuanzia Desemba hadi Machi. Bibi mmoja niliyekuwa namtembelea Mbagala alikuwa na sentensi moja tu kuhusu hili: "Nyanya na kaskazi hawapikiki chungu kimoja." Panda kwa ajili ya kusi. Sia mbegu kitaluni mwezi wa nne, hamishia miche bustanini mwishoni mwa mwezi wa tano masika yanapolegea, na maua yako yatafunguka mwezi wa sita na wa saba wakati usiku unakuomba shuka. Tengeru 97 na Tanya bado ni mbegu nzuri kwa bustani ya nyumbani, na unaweza kuhifadhi mbegu zake mwenyewe, jambo ambalo kwa mbegu chotara halifai. Kwa sasa weka bamia, bilinganya na ngogwe. Hao joto ni kwao.

Mchicha nao ulipewa chakula cha mtu mwingine. Kinacholiwa kwenye mchicha, chainizi, matembele na figiri ni jani, na jani linajengwa kwa naitrojeni. Maji ya komfrei yana naitrojeni kiasi yakiwa mapya, lakini ukiyaacha wiki tano kwenye joto hili sehemu yake inapotea hewani kama amonia, na iliyobaki inapita kwenye mchanga kama maji kwenye kung'uto. Angalia mchicha wako: kama njano ilianzia majani ya chini, yale ya zamani, ni njaa ya naitrojeni hiyo. Kitunda na Kivule mna wafugaji wa kuku wa nyama kila mtaa, kwa hiyo huna udhuru. Chukua samadi yao, irundike ichachuke na kupoa kwa wiki kadhaa, kisha ichanganye kwenye tuta wiki mbili au tatu kabla ya kusia. Usiimwage juu ya mchicha ulioota na utakaochuma keshokutwa. Ile ni njia ya mkato ya kwenda kuharisha. Kama mchicha wa sasa unataka kuuokoa, kijiko kimoja cha chai cha urea kwenye lita 10 za maji, umwagilie udongoni jioni, halafu usuuze kwa maji matupu. Mimi sina ugomvi na urea. Nina ugomvi na urea inayopimwa kwa kofia.

Kuhusu komfrei yenyewe, wengi wanaizungumzia kama mti wa miujiza, kwa hiyo niseme inatoka wapi. Katika karne ya 19 Mwingereza mmoja, Henry Doubleday, aliagiza miche yake kutoka Urusi akitafuta utomvu wa kutengenezea gundi ya stempu za barua. Gundi hakuipata, akabaki na mmea. Miaka ya 1950 mkulima na mwandishi Lawrence Hills, huko Bocking katika jimbo la Essex, akaichukua kazi hiyo, akazilinganisha aina mbalimbali akizipa namba. Namba 14 ndiyo ikawa maarufu, na mpaka leo inaitwa Bocking 14. Haizai mbegu, inaongezwa kwa vipande vya mizizi kama ulivyoletewa wewe. Mizizi inakwenda chini sana, inaleta juu potasiamu ambayo mboga zenye mizizi mifupi haziifikii, na jani lake halina nyuzi ngumu, kwa hiyo linaoza na kuwa uji haraka. Hakuna muujiza zaidi ya hapo. Kenya katika nyanda za juu wanaiita mabaki, wala si mabaki ya ubwabwa.

Lushoto ina ukungu na usiku wa baridi, komfrei inatoa majani marefu kama kisigino hadi goti. Kitunda haitatoa hayo. Mimi nimeipanda mara mbili Kigamboni. Ya kwanza ilioza mizizi masika ya kwanza tu, kwa sababu niliiweka bondeni nikidhani inapenda maji. Ya pili nimeiweka kwenye tuta la juu, mashariki mwa mpapai ili ipate jua la asubuhi pekee, na maji ya kunawia mikono yanaishia hapo. Inaishi. Inanipa majani ya kujaza mkono mmoja kila baada ya miezi miwili, basi. Ya kwako iache bila kuikata hata jani mpaka mwezi wa saba, na uchague mahali unapokubali ikae milele, maana kipande cha mzizi kikibaki ardhini kinachipua tena.

Jani unalolitafuta lipo, na huenda umelipita ukiwa kwenye daladala. Ni alizeti pori. Panda juu kuelekea Pugu au Kisarawe, tazama kingo za barabara na mapori ya viwanja visivyojengwa: kichaka kirefu kuliko mtu, maua ya njano kama alizeti iliyokosa chakula, jani limekatika pembe tatu hadi tano kama kiganja kilichofunguliwa. Likwanyue ulinuse, lina harufu kali ya uchungu na vidole vitakunuka mpaka usiku. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Watafiti waliolipima magharibi mwa Kenya walikuta kwamba gramu 100 za jani lake kavu zina takriban gramu tatu na nusu za naitrojeni, gramu nne za potasiamu, na fosforasi isiyofika nusu gramu. Kwa potasiamu ni ndugu wa komfrei. Na linamea bure.

Masharti yake ni machache. Chuma majani na ncha laini tu, kabla halijatoa mbegu. Shina gumu usilete nyumbani, kwa sababu kipande kikilala kwenye udongo wenye unyevu kinaota, na mmea huu ukishaingia uani kwako utakuwa wewe ndiye mpangaji. Usichume pembeni ya mfereji wa maji machafu wala mahali palipopigwa dawa ya magugu.

Ndoo yenyewe sasa. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Majani mabichi ya alizeti pori, au komfrei ukibahatika kupata tena, yapime kilo tatu; kama huna mizani, ni kiroba cha kilo 25 kilichojaa majani yasiyoshindiliwa, takriban. Yakatekate kwa panga, yatie kwenye kiroba chepesi au gunia la vitunguu, funga mdomo, tumbukiza jiwe ndani ili kisielee. Mimina lita 15 za maji. Hapa usitumie ya kisima kama yana chumvi. Kinga ya mvua au nunua, maana chumvi haiozi, itakusubiri mpaka mwisho.

Funika, lakini usikaze. Nilikaza mara moja. Nilikuwa nimetumia dumu la lita 20 la mafuta ya kupikia, nikaliweka juani nyuma ya jiko nikaenda zangu. Kuoza kunatoa gesi. Alhamisi mchana dumu lilivimba kama chura, kizibo kikaruka, na uji wa kijani ukatua kwenye kanzu yangu iliyokuwa imeanikwa kwa ajili ya kesho yake. Swala ya Ijumaa nilikwenda na shati la kazini. Tangu siku ile nafunika kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, kisha juu yake mfuniko umekaa tu. Kanga hiyo ina kazi ya pili ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza: mbu. Dar imeshapigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda vyombo vya uani kama hivi. Ndoo iliyo wazi uani ni kitalu cha mbu, na utakuwa umejitengenezea nyanya na homa kwa pamoja.

Kivulini, kwa joto letu, siku 10 hadi 14 zinatosha. Wiki tano ni hesabu ya kwao, kwa baridi yao. Koroga kila baada ya siku mbili tatu kwa fimbo. Itanuka, sikudanganyi, lakini siku ya kumi inanuka kama zizi, na wiki ya tano inanuka kama ulivyoambiwa na jirani. Kama uani kwako hakuna pa kuificha, ipo njia isiyotumia maji: majani yashindiliwe kwenye ndoo iliyotobolewa tundu dogo chini, juu weka tofali, chini weka kopo. Baada ya wiki mbili tatu utaanza kupata matone meusi kama asali iliyoungua. Hayanuki sana, yanakaa kwenye chupa, ila ni makali mno: sehemu moja kwa sehemu 20 za maji. Na chupa hiyo iandikwe, iwekwe juu, mbali na watoto. Usitumie chupa ya soda, nakuomba.

Ya kwenye ndoo yenye maji, ikishaiva, kamua kiroba, chuja, kisha changanya kopo moja la mbolea na makopo matano ya maji. Ikifika rangi ya chai ya rangi iliyowekwa majani kidogo, hapo sawa. Mimina shinani, kwenye udongo uliokwisha kulowa, lita moja kwa shina la nyanya, mara moja kwa wiki. Anza pale vitunda vya kwanza vinapofikia ukubwa wa goroli, si kabla. Pilipili hoho, bilinganya, matango na maboga yanakula hivyohivyo. Watu watakuambia uichuje uinyunyizie kwenye majani kwa bomba kama busta. Mimi sinyunyizii chochote kilichooza kwenye ndoo juu ya kitu nitakacholeta mezani.

Na hapa naomba unifuatilie hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo sababu hasa ya kukuandikia kirefu. Kilo tatu za majani mabichi zikikauka zinabaki kama nusu kilo. Potasiamu ndani yake ni gramu 20 hivi, tuseme yote imetoka ikaingia kwenye lita 15. Kila lita ina gramu moja na theluthi hivi. Ukiipunguza kwa makopo matano ya maji, lita unayompa mnyanya ina kama gramu 0.2. Mpe wiki nane mfululizo: gramu 1.6, tukuze tufanye mbili. Sasa nyanya ikiiva, kila kilo ya tunda ina potasiamu gramu mbili na nukta kadhaa. Shina likikuzalia kilo tatu tu, zimeshaondoka gramu saba kwenda jikoni, bado zilizoko kwenye majani na shina. Ndoo imeleta mbili. Zilizobaki nani alileta? Udongo. Na kama udongo ni mchanga usio na kitu, hakuna aliyeleta, utavuna nyanya ukubwa wa ndimu ukidhani ndoo ilikuwa mbovu.

Maji haya ni uji wa mgonjwa au glasi ya juisi katikati ya kazi. Ugali unatoka kwenye tuta. Na huwezi kulazimisha juisi iwe ugali kwa kuimimina bila maji kila siku mbili, maana umeona kilichotokea.

Ndiyo maana, ukiniuliza mimi, majani mengi ya alizeti pori yasiende kwenye ndoo kabisa. Yakatekate, yatandaze kilo moja hadi mbili kwa kila mita moja ya mraba, yachanganye na udongo kwa jembe kina cha kiganja, mwagilia, funika kwa nyasi, subiri wiki mbili ndipo uhamishie miche. Kwa joto hili yanaoza upesi, hayanuki, naitrojeni haitoroki sana, na mchanga unapata kitu cha kushikilia maji. Ongeza mboji au samadi iliyoiva ya ng'ombe, ndoo moja kwa mita ya mraba, kila msimu bila kuchoka, kwa sababu kwenye joto letu mboji inaliwa ikaisha. Majivu ya mkaa yana potasiamu na kalsiamu pia, na kila nyumba ya Dar inayo: konzi mbili kwa mita ya mraba, mara moja kwa msimu, siku tofauti na samadi na urea, la sivyo utanusa naitrojeni yako ikiondoka. Kama udongo wenu una vipande vya matumbawe, majivu acha, una chokaa ya kutosha tayari.

Ukitaka kupima udongo kabla hujatumia nguvu nyingi, kituo cha Mlingano cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kule Tanga ndicho kilichobobea kwenye udongo. Kwa matuta sita sioni haja. Angalia mchicha, mchicha hausemi uongo.

Imebaki ndoo ya wiki tano iliyokugombanisha na jirani. Usiimwage mtaroni. Umesema bustani ni ya uani, na sijaona ua wa Kitunda usio na mgomba. Mgomba unakula potasiamu kuliko kitu kingine chochote ulichopanda. Changanya kopo moja na makopo kumi ya maji, umwage kuzunguka shina hatua moja kutoka mgombani, jioni jirani akiwa amekwenda msibani au mpirani, halafu fukia makapi ya kiroba palepale kwa udongo wa viganja viwili. Harufu itaisha siku hiyohiyo. Mkungu ukija, mpelekee jirani chane moja.